Kikundi Kinachomfaa Kinyozi

Kwa miaka ishirini na miwili watu walimwita Fundi Mstari, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Jina lilitokana na mstari wa nywele kwenye paji la uso. Alioupiga yeye ulinyooka kama umepigwa rula, na walikuwapo mabwana harusi waliowapita vinyozi watano njiani ili waje kupigwa mstari huo. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele chenye viti viwili na kioo kirefu, na nyuma ya pazia kilikuwapo chumba cha pili alicholala. Mke wake alikuwa ameondoka zamani, bila ugomvi, kama mteja aliyechoka kungoja zamu yake.

Kazi ilikuwa imempa kilema kimoja cha kuchekesha: sura za watu hazikumkaa kichwani. Sura alizizoea kwenye kioo, kushoto kukiwa kulia, na akikutana na mteja njiani uso kwa uso alibabaika, akachekacheka mpaka mwenzake ajitambulishe. Lakini mpe kisogo. Kisogo kimoja tu, hata kwenye foleni ya watu hamsini, naye atakwambia huyu ni nani, ana kovu wapi, na nywele zake hukataa kulala upande gani. Alizoea kuwaamkia watu kwa nyuma, "Shikamoo mwalimu," kabla mwalimu hajageuka.

Na alikuwa akipiga maji. Hilo nalo lisemwe mapema, maana yeye mwenyewe alilizungukazunguka miaka mingi. Hakuwa mlevi wa kuokotwa mtaroni. Alikuwa mlevi wa adabu, mwenye chupa ndogo nyuma ya makopo ya poda. Asubuhi alipata kidogo cha kutuliza mkono, saa sita kidogo cha kusindikiza chakula, na jioni akishafunga duka hapakuwa tena na kidogo. Kinywani alitafuna pipi za mnanaa mfululizo. Aliziamini pipi hizo kuliko alivyomwamini mtu yeyote.

Baba yake alikuwa karani wa mahakama, akastaafu. Mzee huyu kwa miaka arobaini hakuwahi kutoka nje ya mlango na unywele kidevuni, na mwanawe aliposema anataka kuwa kinyozi alinuna mwezi mzima. Alisema hakumsomesha mtoto ili aje kukwangua vichwa vya watu. Halafu siku moja akaingia dukani kimya kimya, akakaa, akatazama dari. Mwana akamnyoa. Mzee akapapasa kidevu, akapapasa tena, akasema tu, "Aa." Tangu hapo hakushika wembe kwa mkono wake, na kwa watu wote alijigamba kwamba ana kinyozi wa nyumbani.

Kiharusi kilipompiga mzee na kumlegeza upande wa kushoto, alihamia kwa bintiye mkubwa, dada yake Fundi, mshonaji wa sare za shule, ambaye cherehani yake ilikuwa sebuleni na hivyo aliweza kushona huku akimwangalia. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi Fundi alikwenda kumnyoa. Mzee hakutaka mashine wala nyembe za kutupa. Alitaka wembe wa kukunja, ule unaonolewa kwenye mkanda wa ngozi, na povu la sabuni lililokorogwa kwa brashi. Kwenye saa hiyo moja ya wiki walizungumza kuliko walivyozungumza maisha yao yote, maana mtu mwenye wembe kooni hawezi kununa.

Jumamosi moja mkono uliteleza. Fundi alikuwa amepata kidogo cha asubuhi, kikaongezwa kidogo kingine kwa sababu kile cha kwanza hakikutuliza kitu. Alikata chini ya taya, upande wa kulia, na damu ikashuka kwenye taulo jeupe kwa wingi ambao hakuutarajia. Dada aliacha cherehani ikizunguka yenyewe. Zahanati walimshona mzee nyuzi nne. Muuguzi alipouliza nani kafanya, mzee akajibu kwamba ni ngozi yake tu, imezeeka, inachanika ovyo. Fundi alikuwa amesimama pale pale mlangoni akitafuna mnanaa.

Dada hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomwogopesha Fundi. Walipomlaza mzee alimwita nje, karibu na kamba ya nguo, akamwonyesha karatasi aliyoichukua zahanati. Ilikuwa na orodha ya vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, mahali na siku.

"Mdogo wangu, mimi siwezi kukutibu," akasema. "Tafuta kikundi. Kaa nacho miezi mitatu bila kugusa tone, na mtu wa hicho kikundi aje aniambie mwenyewe. Siku hiyo utamnyoa baba. Kabla ya hapo huo wembe usiingie kwangu."

Fundi alisema sawa, dada. Alisema kwa moyo wote, na mtu yeyote angemwamini. Hata yeye alijiamini.

Kikundi cha kwanza kilikuwa cha Jumanne, saa kumi na mbili jioni, kwenye chumba cha nyuma ya ile ile zahanati. Alipiga moyo konde akaenda. Alichelewa kusudi ili aingie wakati wote wameshakaa, akajichomeka kwenye kiti cha mwisho kabisa karibu na mlango. Viti vilipangwa kwa safu, na safu zote zilimpa mgongo. Mama mmoja mnene mwenye birika kubwa la chai ndiye aliyekuwa mbele, akieleza kwamba hapa hakuna majina, kila mtu anajiita apendavyo, na kinachosemwa humu kinabaki humu.

Fundi akainua macho, na visogo vyote vikamwangalia. Kile chenye nywele zinazozunguka sehemu mbili utosini kilikuwa cha karani wa benki, mteja wa kila Ijumaa. Kile chenye kovu la mwezi mchanga kilikuwa cha mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Shingo ile nene yenye mikunjo mitatu, ambayo kila mkunjo unataka wembe wake, ilikuwa ya dereva wa gari la maji. Watu kumi na wanne, na tisa alikuwa ameshawapaka povu. Wao hawakuwa na majina. Yeye alijua kila chunusi.

Akawaza haraka, na mawazo yake yalikuwa ya kinyozi. Hawa wakigeuka na kuniona hapa watajua mimi ni mnywaji. Na mtu akishajua kinyozi wake ni mnywaji, nani tena atampa koo lake? Duka litakufa. Akainuka taratibu, akatoka hata chai hajaionja. Njiani kuelekea nyumbani alisimama mahali alipozoea kusimama, kwa sababu alikuwa ameponea chupuchupu na mtu akiponea chupuchupu lazima ajipongeze.

Dada alipouliza, alijibu kwamba kikundi kile hakimfai, kwa sababu ya kazi. Maelezo yalikuwa marefu. Dada alikuwa na pini mdomoni, akaitikia kwa kichwa.

Sasa mtu akishapata sababu moja nzuri, nyingine huja zenyewe. Kikundi cha Alhamisi kilikuwa kwenye nyumba ya ibada, na kiongozi wake alikuwa na sauti ya kutosha uwanja mzima ingawa walikuwa saba. Siku ya kwanza tu alimsimamisha Fundi atoe ushuhuda. Fundi alisema hana ushuhuda bado, ndiyo kwanza amefika. Wakamwombea kwa zamu, kila mmoja akimshika kichwa, na yeye, ambaye maisha yake yote ndiye aliyeshika vichwa vya watu, hakuweza kuvumilia. Hakurudi.

Kingine kilikuwa mbali, mabasi mawili, kwenye jengo la maofisi lenye lifti. Viti vilikuwa laini na watu walikuwa wapole. Walizungumza juu ya mvinyo waliokunywa katika safari, juu ya mikataba iliyowaponyoka, juu ya washauri wao wa nafsi. Fundi alitazama viatu vyake muda wote. Mwanamke mmoja alimuuliza kwa heshima kabisa yeye alikuwa akipendelea nini, na Fundi akataja kile alichokuwa akinywa. Chumba kizima kikanyamaza kidogo, kwa huruma. Huruma hiyo aliibeba mgongoni mabasi yote mawili, na kabla ya kuingia nyumbani akaitua mahali.

Kulikuwa na kimoja, nacho si utani, kilichokutana ghorofani juu ya baa. Ngazi zilianzia kaunta. Kwenye kikundi hicho Fundi alikwenda mara tatu na hajui mpaka leo chumba chao kinafananaje.

Hivyo ndivyo miezi ilivyokwenda. Kama ungemuuliza, angekuapia kwamba anatafuta kwa bidii, na karatasi ya dada ilikuwa imechakaa mikunjoni kwa kufunguliwa. Kimoja mwenyekiti anajisikia, kingine dirisha halifunguki, kingine wanalialia mno, kingine hawalii hata kidogo mtu unajiuliza kama ni wanywaji kweli. Fundi alichagua kikundi kama mtu anavyochagua nyanya sokoni, akibonyeza moja moja na kurudisha. Na kila aliporudisha moja, jioni yake ilikuwa huru.

Jumapili alikwenda kumtazama baba yake, bila wembe. Mzee alikuwa amekataa kinyozi mwingine yeyote. Dada alimpunguza kwa mkasi wa kazini, mkasi wa vitambaa, na ndevu zikabaki ngazi ngazi, nyeupe, zikimfunika koo. Mzee, ambaye alikuwa ameishi miaka sabini na minane na kidevu kitupu, alizipapasa kwa mkono wake mzima wa kulia na kucheka. Alisema sasa akikaa kizimbani hata hakimu atamwamkia.

Lakini siku nyingine hakucheka. Alimshika Fundi kifundo cha mkono, akauliza, "Lini, mwanangu?"

"Natafuta, baba. Natafuta kikundi kinachonifaa."

Midomo ya mzee upande mmoja ilikuwa mizito, na maneno yalichukua muda kutoka. "Chochote kitakufaa," akasema. "Hata cha wajinga. Mimi nakutaka wewe Jumamosi."

Akasema pia kwamba ile siku ya damu ameshaisahau, wala haikumwuma. Fundi akamwambia wiki ijayo, baba. Alisema wiki ijayo kwa wiki nyingi.

Mwezi wa tano tangu ile siku ya damu kiharusi cha pili kilikuja. Kilimkuta mzee alfajiri, usingizini, na dada alimpigia Fundi simu mara kumi na moja. Fundi alikuwa nyuma ya pazia la duka lake, amelewa chakari, simu ikilia chini ya kitanda mpaka ikazima. Alipofika kwa dada ilikuwa adhuhuri, na mzee alikuwa amerudishwa kutoka hospitali ambako walisema hakuna zaidi la kufanya. Macho yalikuwa wazi. Yalimtazama Fundi kama mtu anavyotazama pazia. Maneno yalikuwa yameondoka yote, hata lile "Aa." Daktari alieleza kwamba mzee anaweza kuwa anasikia sauti lakini hatambui ya nani, na kwamba mkono wa kulia utaendelea kufanya kazi kidogo.

Dada alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akimpa uji kwa kijiko. Hakugeuka. Akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma vipimo vya nguo, kwamba juzi jioni baba alikuwa ameuliza tena kama ni Jumamosi.

Fundi alilia siku hiyo mpaka akapiga kwikwi. Halafu, na hapa sitamtetea, alikwenda kunywa kwa siku nne mfululizo, duka limefungwa. Siku ya tano ilikuwa Jumanne. Aliamka mchana, mikono ikimtetemeka kiasi kwamba hakuweza kufunga vifungo vya shati, akavaa fulana, akaenda nyuma ya zahanati. Hakuchagua. Hakukuwa na kitu chochote ndani yake cha kuchagulia.

Safari hii alifika wa kwanza. Mama wa birika alikuwa akipanga viti, na jina lake la mle ndani lilikuwa Mama Birika, si kwa ubahili, maana alimimina chai mpaka ikafurika kisosi. Alimtazama mikono, akamjazia kikombe nusu tu ili kisimwagike, akampeleka kwanza kwa muuguzi wa zamu akapimwe, kisha akamrudisha na kumkalisha safu ya mbele. Watu wakaanza kuingia. Fundi aliwasikia nyuma yake, na kwa mara ya kwanza kisogo kilichotazamwa kilikuwa cha kwake.

Mwalimu mkuu alikuja kukaa kando yake. Fundi akasema, akiangalia sakafu, kwamba anajua sasa wataacha kuja dukani na hatawalaumu.

Mwalimu akamgeukia. "Fundi, hivi ulidhani hatujui? Mtu akininyoa ndevu, pua yake inakuwa hapa." Akaweka kiganja mbele ya uso wake. "Miaka sita nakunusa. Hizo pipi zako za mnanaa ndizo zilizokuwa zikikutangaza."

"Sasa mbona mliendelea kuja?"

"Ulikuwa unanyoa vizuri. Na mimi nilikuwa nanuka vile vile, ila wewe hukuweza kusikia harufu ya mwingine." Mwalimu alipangusa miwani yake. "Ile siku ya kwanza tuligeuka tukakuona ukitoka. Tulifurahi hata hivyo, tukasema, Fundi naye amekuja. Jumanne iliyofuata tulikuwekea kiti mbele ili usione visogo vyetu. Tulikiweka kama mwezi hivi."

Fundi alikuwa akihesabu Jumanne. Kama angekaa ile siku, kama angeonja tu ile chai, miezi mitatu ingekuwa imetimia muda mrefu kabla ya kile kiharusi cha pili, na angekuwa ameshamnyoa mzee Jumamosi saba au nane, mzee akiwa na maneno yake na kicheko chake. Ilipofika zamu yake aliinuka na kusema jambo hilo hilo, bila kulipamba. Alisema hakuwa akitafuta kikundi. Alikuwa akitafuta kasoro, na vikundi vyote vilimpa. Kisha akakaa. Dereva wa gari la maji, mwenye ile mikunjo mitatu, alikuwa analia kwa sauti.

Wiki za kwanza zilimwonyesha cha mtema kuni. Alitokwa na jasho, aliota ndoto za wadudu, alikasirikia taulo. Dukani aliweka wembe chini, akanyoa kwa mashine tu, na waliotaka ndevu aliwaomba radhi. Mkono ulipoanza kutulia alirudi kwenye somo la mwanzo kabisa, lile alilofundishwa akiwa mwanagenzi. Unapuliza puto, unalipaka povu la sabuni, unalishika kwa mkono mmoja na kulinyoa kwa wembe mpaka libaki safi. Likipasuka, mteja wako amekufa. Kila jioni, badala ya kwenda alikozoea kwenda, alikaa nyuma ya pazia akinyoa maputo. Jirani aliyemsikia akipasua moja baada ya jingine alidhani kuna sherehe. Mwezi wa kwanza yalipasuka karibu yote. Mwezi wa pili nusu. Siku moja alinyoa maputo kumi bila kupasua hata moja, akayaacha yakizagaa chumbani, na akakaa katikati yake akimfikiria baba yake.

Alikuwa akijua kwamba mzee hatamtambua. Daktari alikuwa amesema wazi. Lakini alitaka saa ile moja ya Jumamosi, hata kama ni ya kimya. Alitaka kukilaza kile kidevu kiganjani na kumrudishia mzee sura yake, na aliwaambia kikundi kwamba hana ombi jingine duniani.

Miezi mitatu ilitimia. Ijumaa ya wiki hiyo Mama Birika alikwenda mwenyewe kwa dada, akanywa chai badala ya kumimina, akamweleza. Dada alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa neno lake. Akasema aje kesho saa tatu.

Fundi alifika saa mbili na nusu, amevaa shati jeupe. Dada alikuwa ameshachemsha maji. Mzee alikuwa ameegemezwa kwenye mito mitatu, ndevu zikiwa juu ya shuka, macho dirishani. Fundi alimwamkia kwa heshima zote kama vile ataitikiwa. Akampunguza kwanza kwa mkasi, na mzee akatulia. Akamfunika taulo la moto, mzee akafumba macho. Akakoroga povu, akampaka kwa brashi mashavuni, kidevuni, kooni, polepole, na uso wa mzee ukalegea kwa raha. Dada aliyekuwa amesimama mlangoni akaguna, hm, kwa kufurahi.

Fundi akaufungua wembe.

Mkono wa kulia wa mzee uliinuka kutoka kwenye shuka. Uliinuka taratibu, ukitetemeka, ukapita juu ya povu, ukatua shingoni chini ya taya pale penye kovu la nyuzi nne, ukapafunika. Macho hayakumtazama Fundi. Yalitazama chuma.

Fundi alirudi hatua moja. Akangoja. Akaongea naye kwa upole, akamwambia ni mimi baba, ni Jumamosi. Mkono ukateremka. Akasogea tena, na mkono ukapanda tena pale pale. Alijaribu mara ya tatu, akiuficha wembe kwenye kiganja, na mara ya tatu mzee alitoa sauti, ndogo, ya koo, ambayo hakuwa ameitoa tangu kiharusi.

Dada akasema polepole, "Mimi hajawahi kunifanyia hivi. Hata kwa mkasi."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa sababu alishangaa. Fundi aliukunja wembe na kubaki ameushika, na hamu ya kinywaji ilimjia kwa nguvu. Alijua umbali wa kila kaunta kutoka kwenye nyumba ile, kwa hatua. Povu lilikuwa likianza kukauka kwenye mashavu ya mzee.

"Njoo wewe, dada," akasema mwishowe.

"Mimi? Nitamchinja."

"Hutamchinja. Nitakuelekeza."

Akamwonyesha namna ya kushika, vidole vitatu juu, kidole kidogo kwenye mkia wa wembe. Kisha akaenda kusimama nyuma ya kichwa cha kitanda, mahali ambapo mzee hawezi kumwona. Mkono wa mzee uliposhuka, dada akaanza. Fundi alinong'ona. Vuta ngozi kwa kidole gumba. Fuata unywele unakoelekea, usiupinge. Usikandamize, acha wembe ubebe uzito wake. Dada, aliyezoea kukata kitambaa kwa mstari ulionyooka, alikuwa na mkono mzuri kuliko alivyojijua. Alipofika chini ya taya wote wawili waliacha kupumua. Mzee alitulia kabisa. Kutoka pale nyuma Fundi hakuona uso, ila utosi, nywele chache nyeupe, masikio mawili makubwa, na mkono wa dada; aliona kila kosa lake dogo na hakulisema.

Walipomaliza dada alimpangusa mzee, na sura ya karani wa mahakama ikatokea, imekonda, safi. Dada akaketi na kulia. Fundi alisafisha wembe, akaukausha, akamwambia atakuja Jumamosi. Jumanne alikwenda nyuma ya zahanati na kuwaeleza, na hakuna aliyempa ushauri. Mama Birika alimjazia kikombe.

Alikwenda kila Jumamosi, miezi minne, akasimama pale nyuma akinong'ona. Mzee hakumwona hata mara moja. Wakati mwingine Fundi alisogea kidogo pembeni, akijaribu, na mkono ule ukaanza kujongea kwenye shuka, naye akarudi nyuma.

Mzee alifariki siku ya Jumatano, mchana, dada akiwa kwenye cherehani. Walipokuwa wakimwandaa, dada aliweka maji, brashi na taulo kwenye kiti, akaupokea wembe kutoka kwa Fundi ili aanze, kisha akabadili mawazo na kumrudishia. Fundi alizunguka kitanda, akaja mbele, akampaka baba yake povu na kuufungua wembe juu ya uso wake. Alisimama hivyo muda mrefu akiutazama ule mkono wa kulia, akingoja, na haukuinuka. Akalia mpaka povu likakauka, na dada akamwambia ampake tena.